Mtoto wa Tatu Pipani

Kwanza tukubaliane: mtu mwenye akili zake timamu hamsimulii mtoto mwenye hofu hadithi ya mchinjaji. Candide alilijua hilo vizuri. Alikuwa mshonaji, mtu wa kupima kabla ya kukata, na hata maneno yake aliyapima. Lakini Mei ile ya mwaka 2008 walilundikwa katika ukumbi wa kanisa pale Troyeville, Johannesburg, Warundi, Wakongo, Watanzania wawili watatu na Mmalawi mmoja aliyelia mchana kutwa, huku mitaa ya chini watu wakipita na marungu wakiuliza nani mgeni na nani mwenyeji. Watoto walikataa kunyamaza. Mkate hawakuutaka, chai hawakuitaka. Candide akajikuta amefungua mdomo, na hadithi iliyotoka ilikuwa hiyo hiyo ya mchinjaji.

Ilikuwa hadithi ya kale, ya huko Ulaya, ya enzi za njaa na wafalme wapanda farasi. Mapadri waliifikisha Bujumbura pamoja na biskuti za tarehe sita Desemba. Watoto watatu wanakwenda shambani kuokota masazo ya mavuno, giza linawakuta, wanaona taa. Wanapiga hodi kwa mchinjaji na kuomba mahali pa kulala. Anawakaribisha, kisha anawaua na kuwatia katika pipa la chumvi. Miaka saba inapita. Siku moja askofu mzee, Mtakatifu Nikola, anapiga hodi mlango ule ule na kuomba chakula. Analetewa hiki, hataki; analetewa kile, hataki. Anataka kilichotiwa chumvi miaka saba iliyopita. Mchinjaji anatimua mbio, askofu anamwita asikimbie, atubu, kisha anagusa pipa na watoto wanafufuka.

Hivyo ndivyo Candide alivyofundishwa shuleni. Sivyo alivyosimulia.

Katika hadithi yake, kabla watoto hawajatoka nyumbani, mama yao alichana kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, akamfunga kila mmoja kipande mkononi, na kila kipande kikawa na idadi yake ya mafundo, ili hata gizani awajue kwa kupapasa. Mchinjaji alivaa mabuti ya mpira na filimbi shingoni. Pale mlangoni hakusema mengi. Alisema tu, "Ingieni, blanketi ni pana." Na watoto walipofufuka, kila mmoja alitaja jina la mama yake. Wa kwanza akataja. Wa pili akataja. Wa tatu hakusema kitu, na Candide akanyamaza hapo hapo.

"Na wa tatu?" aliuliza Diane, msichana wa miaka minane asiyeacha neno lipite bila kulikamata mkia.

"Wa tatu amechoka. Na wewe uchoke, ulale."

Ajabu ni kwamba watoto walilala. Waliokosa usingizi ni wakubwa. Mama mmoja wa Uvira alinong'ona kwamba mchinjaji yule anamjua, aliwahi kuja kijijini kwao na bunduki, mabuti yale yale. Mwingine akasema hapana, yule ni mwenye nyumba aliyewatoa wapangaji wake nje na kuwaonyesha kwa umati. Lambert, muuza samaki wa chumvi kutoka Bukavu, mwanamume mwenye kifua cha kubeba friji, aliapa kwamba filimbi ile aliisikia juzi tu, barabarani, karibu na robot ya pili, zile taa za kuongozea magari. Kila mtu alimvika mchinjaji nguo za yule aliyemfukuza yeye. Candide aliwasikiliza na kufurahi, Mungu amsamehe, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye alimtoa wapi mchinjaji wake.

Jioni iliyofuata akina mama walimjia. Kama vurugu zikifika hapa, taa zikizimwa, tutawajuaje watoto wetu? Candide akachana kitenge chake cha akiba na kuwafunga watoto wote mikononi, mmoja baada ya mwingine, akihesabu mafundo kwa sauti. Alipofika kwa mwanawe Damien, kijana wa miaka kumi na mitano aliyekwisha kumpita urefu, alifunga na kufungua mara mbili, akashindwa kukaza.

"Eish, Mama, mimi si mtoto," Damien alisema akicheka. "Mimi nitakubeba wewe."

Watu wakacheka. "Mama Damien, una bahati na huyu mtoto," wakasema. Walimwita hivyo, Mama Damien, kama kila mwanamke wa kwao anavyoitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Miaka kumi na mitatu aliitwa hivyo, mara ishirini kwa siku, na kila mara alikuwa anaitikia.

*

Vurugu zilipita. Watu wakarudi kwenye vyumba vyao, wengine wakahama mji kabisa. Marcelline, aliyelala mkeka mmoja na Candide pale ukumbini, alikimbilia Durban kwa dada yake. Mwezi wa kumi na moja padri akasema watoto wameona mabaya ya kutosha mwaka huu, tuwape sikukuu. Tarehe sita Desemba ni Jumamosi. Tuigize Mtakatifu Nikola. Na nani ataongoza maigizo kama si Mama Damien, ambaye hadithi yake watoto wanaijua kwa moyo?

Candide angeweza kukataa. Alitafuta kisingizio siku mbili nzima, lakini Damien alikwisha kujitolea kuwa askofu na alikuwa anapita chumbani akibariki masufuria.

Lambert alileta pipa. Lilikuwa pipa la plastiki la buluu, refu hadi kifuani, alilokuwa akihifadhia samaki. Alilisugua kwa sabuni mara nne, lakini chumvi ilikuwa imeingia kwenye plastiki yenyewe. Likikauka, mistari myeupe ilijitokeza tena ubavuni. Alilibwaga jukwaani na kukunja uso.

"Hilo hapo. Lakini kumwigiza yule mtu, hapana. Mimi na mwili huu wote? Watoto watanikimbia mpaka lini?"

"Lambert, ni maigizo."

"Mama Damien, usinibembeleze. Kuna vitu mtu havichezei."

Wanaume wengine walisema hayo hayo, kila mmoja kwa adabu yake. Walinzi walikuwa na zamu Randburg, mafundi walikuwa na kazi, mmoja alisema mgongo. Mwisho Candide akachukua mabuti mwenyewe. Alipoyavaa na kutembea jukwaani, Diane, ambaye angekuwa mtoto wa tatu, akajificha nyuma ya kiti. Mabuti yalimkaa sawasawa, na hilo halikumpendeza.

Siku ya mazoezi ya pili ndipo alipomwona mwanamke yule.

Alikuwa ameketi safu ya mwisho, kando ya mlango, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, viganja vimetazama juu. Candide alikuwa katikati ya sentensi, "Ingieni, blanketi ni...", akaiacha hapo. Mtu yule Candide alikuwa anamjua. Alimjua kwa namna alivyoinamisha kichwa upande wa kushoto akisikiliza, kama alivyokuwa akifanya uani Kamenge, Bujumbura, wakichambua maharage pamoja. Alikuwa Agnès. Na Agnès aliteketea ndani ya nyumba mwaka 1995. Huko Uvira, Candide aliambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake: katika nyumba ile hakutoka hata mtu mmoja.

Baridi ilimpanda kutoka kwenye mabuti. Alimshika Lambert mkono. "Yule mama pale nyuma ni nani?"

Lambert aligeuka. "Mama gani?"

Viti vya nyuma vilikuwa vitupu na mlango ulikuwa wazi.

Aka! Unafikiri alilala usiku ule? Alilala macho wazi, akisikiliza pumzi za Damien upande wa pili wa pazia. Asubuhi alijiambia ni uchovu tu, hofu ya Mei haijamtoka. Lakini mazoezi yaliyofuata mwanamke alikuwapo tena, safari hii safu ya katikati. Mazoezi ya baada ya hapo, safu ya pili. Hakusema na mtu mzima yeyote. Candide hakuthubutu kumtazama wala kuuliza tena, akiogopa kujibiwa kwamba hayupo. Alijua kitu kimoja tu: kila siku yule mtu alisogea karibu na pipa. Na pipa lenyewe, jua la dirishani likilipiga, lilitoa mlio wa kugonga kutoka ndani, ko, ko, ko. Lambert alieleza kwamba plastiki hutanuka ikipata moto. Candide alijibu ndiyo, akaacha kupita upande ule.

Siku tatu kabla ya sikukuu alikata vipande vitatu vya kitambaa cha kijani kwa ajili ya mikono ya watoto, akavipanga mezani chumbani kwake, akaenda kuchemsha maji. Aliporudi vilikuwa vinne.

Cha nne kilikuwa cha njano, kimepauka, na pembeni lilibaki bawa moja la ndege wa buluu. Kilikuwa na fundo moja. Birika lilimponyoka na maji yakamwagika hadi chini ya cherehani.

"Mama! Umeungua?" Damien alitoka nyuma ya pazia akiwa na shati lisilo na kifungo. "Hicho nimekitoa kwenye kopo la vifungo. Kilikuwa chini kabisa. Ni cha nini?"

"Cha zamani. Kirudishe."

"Ni kizuri. Kama kwenye hadithi yako, ndege na kila kitu. Askofu naye si avae kitu?"

"Damien, nimesema kirudishe!"

Hakuwa amezoea kumpigia kelele. Kijana alimtazama kwa mshangao, akakichukua. "Sharp, Mama, sharp. Nakirudisha." Candide akapiga magoti kufuta maji, hakuangalia kama kweli kimerudi.

*

Sasa ni lazima kusema kile ambacho Candide hakuwahi kumwambia mtu yeyote, si padri, si maafisa wa wakimbizi, si Mungu mwenyewe kwa sauti.

Mwaka ule pale Kamenge, kila giza lilipoingia watu wenye silaha walikuwa wanapita. Akina mama wa mtaa walipatana: watoto wote walale nyumba moja ya matofali, iliyo mbali zaidi na barabara, safu moja, blanketi moja pana, wakubwa wakeshe nje. Taa marufuku. Kwa hiyo kila mama alimfunga mwanawe kipande cha kitenge chake mkononi ili amjue kwa vidole. Tatizo ni kwamba Candide na jirani yake Agnès walikuwa marafiki wa kuchangia kila kitu, na kitenge chao walikuwa wamenunua pisi moja wakaigawana, njano yenye ndege wa buluu. Wakapatana mafundo: Damien wa Candide mawili, Léonce wa Agnès moja. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka miwili.

Usiku risasi zilipoanza, Candide aliingia akipapasa. Damien siku zote alilala mwisho wa safu, ukutani. Akafika ukutani, akashika mkono mdogo, akasikia kitenge. Hakuhesabu mafundo. Nani angehesabu? Alimtupa mtoto mgongoni na kukimbia hadi miguu ikakataa.

Kulipokucha alikuwa kwenye matete ya mto Rusizi. Alimshusha mtoto ili amnyonyeshe, na uso uliomtazama ulikuwa wa Léonce.

Angeweza kurudi. Hilo ndilo. Moshi ulionekana, mrefu, upande wa Kamenge, lakini miguu alikuwa nayo na njia aliijua. Alikaa chini. Mtoto alilia "mama", na yeye, maziwa yakimwagika, akaitika. Mpakani askari alitaka karatasi, aliyokuwa nayo ni kadi ya chanjo ya Damien, akaitoa, na askari akauliza, "Huyu ndiye Damien?" Akasema ndiye. Baadaye habari za nyumba ile zilipomfikia, akajiambia hakuna wa kumrudishia. Alimlea kwa jina la mwanawe aliyekufa, wakapita kambi, wakapita Tanzania, wakafika Johannesburg. Alimpenda. Mtu asidhani hakumpenda! Alimpenda kwa pupa, kama mtu anayekula chakula cha mwingine akitazama mlango.

Wengine waliposema mchinjaji ni mwasi, ni mwenye nyumba, ni mtu wa filimbi, Candide alijua tangu mwanzo ni nani hasa aliyemtia mtoto wa watu chumvini na kufunika.

*

Jumamosi ilianza na jua kali, lakini kufikia saa tisa wingu la Desemba lilikuwa limeufunika mji na ukumbi ukawa na giza la magharibi. Umeme wa taa mbili ulififia na kurudi. Watu walijaa mpaka dirishani. Mwanamke wa kitambaa cheusi alikuwa safu ya kwanza, kiti cha pembeni, na safari hii alikuwa na mkate mkononi aliopewa na mama wa Uvira, anatafuna taratibu. Candide aliona makombo yakimwangukia mapajani. Wafu hawali mkate. Ah, hapo ndipo alipoogopa kweli kweli, maana mzimu ungeweza kukemewa kwa jina la Yesu, lakini huyu alikuwa mtu, na alikuwa amekuja kwa jambo lake.

Watoto watatu wakapiga hodi. "Ingieni, blanketi ni pana," Candide alisema, na sauti haikuwa yake. Aliwaingiza pipani mmoja mmoja, akafunika kitambaa. Mtoto mmoja ukumbini alianza kulia, akapozwa.

Kisha Damien akaingia. Kofia ya kiaskofu aliyomshonea kwa pazia la zamani ilimfanya awe mrefu kupita kiasi. Aligonga sakafu kwa fimbo.

"Nimetoka mbali, nina njaa."

"Nina mkate, baba."

"Sitaki mkate."

"Nina samaki."

"Sitaki samaki. Nataka kile ulichokitia chumvi na kukificha miaka mingi."

Hapo mchinjaji alitakiwa apige kelele na kukimbilia mlango wa uani. Candide alisimama tu. Mvua ilianza kupiga mabati ghafla, kubwa, watu wakainua macho. Damien alidhani mama amesahau, akamsaidia. Alinyoosha mkono kugusa pipa, na mkono mpana wa vazi ukateleza mpaka kwenye kiwiko. Kipande kile kilikuwapo pale, cha njano, kimefungwa kifundoni mwa mkono.

Safu ya kwanza, mkate ulianguka.

Mtoto wa kwanza akachomoza. "Mama yangu ni Anastasia!" Makofi. Wa pili akachomoza. "Mama yangu ni Veronika!" Makofi. Diane akachomoza wa mwisho, nywele zimejaa unga mweupe wa chumvi. Kwa hadithi ya Candide alipaswa kunyamaza. Alivuta pumzi.

"Mama yangu alifunga fundo moja!"

Watu wakapiga makofi zaidi, wakadhani ndivyo ilivyo.

"Diane," Candide alinong'ona, "nani amekwambia useme hivyo?"

"Yule mama pale. Nilimuuliza yeye, mtoto wa tatu aseme nini. Wewe hukutaka kuniambia."

Damien alicheka, bado yumo ndani ya mchezo, akautazama mkono wake. "Fundo moja? Kama hiki?" Akauinua watu waone.

Mwanamke alisimama. Hakupiga kelele. Alikuwa akimtazama kijana, na hakupiga hatua hata moja. Makofi yakafa, safu kwa safu.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Walikuwa wamefanya mazoezi: mchinjaji anakimbia, anatoka, hadhira inamzomea. Hakuna ambaye angeshangaa. Candide alifika mlangoni kwa hatua sita, mabuti yakipiga sakafu, mvua ikamrukia usoni. Angemwambia Damien yule mama ni kichaa. Wangehama usiku huo huo. Alikwisha kuhama na huyu mtoto mara nne, ya tano ingemshinda nini?

"Usikimbie," Damien alisema nyuma yake. Yalikuwa maneno ya askofu, aliyoyakariri wiki tatu huku akibariki masufuria. Lakini sauti ilikuwa na swali.

Candide aligeuka. Aliona kofia ya pazia, watoto watatu wakiwa wamesimama pipani, na Agnès akingoja. Alivua buti moja, halafu la pili, akarudi miguu mitupu.

"Mama Léonce," alisema.

Ni jina hilo tu, lakini Agnès alishika kiti kwa mikono miwili. Hakuwa ameitwa hivyo kwa miaka kumi na mitatu.

"Mama Léonce, huyu ndiye. Nilimbeba kwa makosa. Asubuhi nilimwona usoni nikajua, na sikurudi." Akamgeukia kijana. "Mwanangu, jina lako ni Léonce. Mama yako ni huyu. Mchinjaji ni mimi, nilikuficha mimi, mtu mwingine asilaumiwe."

Lambert alikuwa ameshika kichwa. Kijana alivua kofia taratibu na kuiweka juu ya ukingo wa pipa.

"Nilikuwa nasuka nywele Durban," Agnès alisema. Sauti yake ilikuwa chini, watu wakainama wamsikie. "Mteja alikuwa Marcelline, aliyelala hapa Mei. Akasimulia hadithi ya mama mmoja wa Johannesburg, ya watoto na pipa. Akataja kitenge cha njano, ndege wa buluu. Akataja mafundo. Mafundo yale tulikuwa tunayajua watu wawili tu. Nimekuja. Nikashindwa kukusemesha, Mama Damien. Kila siku nilikuwa najiambia kesho."

Mama Damien. Alilitamka tofauti na wengine wote, na Candide akaelewa kwa nini.

"Wangu?" aliuliza.

Agnès alifungua kiganja. Ndani palikuwa na kipande cha njano, kidogo, chenye mafundo mawili. "Nilikuwa wa mwisho kutoka. Ndani alikuwa amebaki huyu wako tu. Tulienda siku kumi na moja. Kikohozi kikaingia kifuani. Nilimwita Damien mpaka mwisho, nilimzika kwa jina lake."

Candide alikipokea. Alikihesabu kwa kidole, moja, mbili, kama alivyopaswa kufanya usiku ule. Alilia kwa sauti, bila aibu, mbele ya watu wote.

"Tutoke sasa?" Diane aliuliza kutoka pipani. "Miguu inaniwasha."

Kijana ndiye aliyewatoa. Aliwainua mmoja mmoja, akawasimamisha sakafuni, akawapangusa chumvi mabegani. Hakumkumbatia mwanamke yeyote kati ya wale wawili. Alisimama katikati yao na kujaribu jina, taratibu, "Léonce," na hakulirudia. Kisha akamtazama Candide.

"Na yeye? Damien. Alikuwa anapenda nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Ilimbidi atafute mbali. "Kulala ukutani," alisema. "Kila siku ukutani. Ukimtoa, analia. Ndiyo maana nilikwenda ukutani moja kwa moja, sikuhesabu..."

"Ukuta ulikuwa na unyevu," Agnès alisema.

Candide aliinua macho.

"Alikuwa anakohoa tangu mchana. Nilipita kuwatazama, ulikuwa umeshatoka nje. Nikamtoa pale ukutani, nikamweka katikati penye joto. Wangu nikamlaza mahali pake." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kufutwa. "Wako hakulia. Nilisema nitakwambia asubuhi."